Mgongo wa Namba Hamsini na Mbili

Zilibaki sekunde arobaini na nane, na Chuo cha Cedar Prong kilikuwa mbele kwa pointi moja tu, ishirini na moja kwa ishirini, katika mechi ya futiboli ya Kimarekani. Asiyejua angedhani kazi imekwisha. Anders Kolterman, mpiga mateke wa timu, alijua kwamba yake ndiyo kwanza inaanza. Timu iliyotoka kufunga, kama wao sasa, ndiyo inayowapigia wapinzani mpira kwa teke, na Stonebridge walikuwa na mkimbiaji ambaye ukimwachia upenyo kidogo, unabaki kusoma namba mgongoni mwake.

Mwaka jana, dhidi ya hao hao, Anders alijaribu kumkwepa mkimbiaji huyo kwa kuupeleka mpira pembeni. Upepo wa Nebraska haubembelezwi. Mpira ulitoka nje bila kuguswa, na kwa adhabu hiyo Stonebridge wakapewa uwanja mwingi wa bure. Punde wakaupiga teke ukapita katikati ya nguzo, wakashinda. Tangu hapo mji mzima ukamwita Bwana Nje. Mhudumu wa mkahawa alimletea mayai na kumuuliza kama angependa kulia ndani au nje. Watu wazima, na akili zao! Anders alicheka nao, lakini iliuma, iliuma sana. Leo ilikuwa mechi yake ya mwisho chuoni, na hakutaka kuondoka na jina lile.

Kocha Vrana alimvuta pembeni ya mstari.

"Sikia, mwanangu. Upige chini chini, udundedunde, tuwacheleweshe. Na usitoke nje."

"Kocha, umemwona namba hamsini na mbili?"

"Yule bonge wa katikati? Kafanyaje?"

"Anawahi kugeuka. Mguu wangu haujafika kwenye mpira, yeye keshanipa mgongo. Leo kafanya hivyo mara tatu."

Kocha alielewa mara moja. Kazi ya wale wa mbele ni kukimbia nyuma wakamjengee mkimbiaji wao ukuta, lakini kwanza wahakikishe mpira umeruka. Asipongoja mtu hapo, mpigaji anaweza kuugusa kidogo tu, ukabingirika. Ukishavuka yadi kumi, ni wa yeyote atakayeuwahi. Vuli nzima Anders alikuwa akilifanyia mazoezi teke hilo peke yake nyuma ya ghala la mipira.

"Tunaongoza, Anders. Hakuna mwenye akili timamu anayepiga vile akiwa anaongoza."

"Ndiyo maana hawautegemei."

"Ukikosea wanauchukua pale pale katikati. Hatua chache, wapige nguzoni, tumekwisha."

"Najua, Kocha. Nani anajua kuliko mimi?"

Vrana alitazama saa ya uwanjani, kisha akamtazama yeye. "Mwangalie mwenyewe. Akisimama, chini chini. Akigeuka, ni juu yako."

Anders aliusimamisha mpira kwenye kishikizo chake kidogo cha plastiki, akarudi nyuma hatua nane, akasogea kushoto hatua nne. Lamont Ogletree, beki mwenye mwili kama jokofu, alikuwa wa kwanza kulia kwake.

"Lamont. Nikipunguza mwendo, nifuate. Usiuguse. Nikiuangukia, na wewe niangukie."

"Uanguke wewe? Kaka, miaka minne jezi yako hata haifuliwi."

"Utaniangukia au hutaniangukia?"

"Kwa moyo mweupe. Nimekuwa nikitafuta kisingizio."

Anders akainua mkono, filimbi ikalia, akaanza kukimbia. Alikimbia vilevile kama siku zote, mabega yameinama, macho yanauona mpira na kitu kimoja tu nyuma yake. Hatua ya tano, hamsini na mbili bado amesimama. Ya sita, bado. Ya saba, yule bonge akageuka.

Anders akafunga breki, akaugusa mpira kwa juu, taratibu, kama mtu anayesukuma mlango ili asimwamshe mtoto. Ukalala chini, ukabingirika. Yeye akaufuata kwa hatua fupi fupi, mikono imening'inia, akihesabu yadi. Nne. Sita. Kelele za uwanja zikakatika, watu wasielewe wanachokiona. Nane. Mtu wa Stonebridge akapiga ukelele, na hamsini na mbili akageuka tena, amechelewa. Kumi. Anders akajirusha.

Lamont alimwangukia kama alivyoahidi, kisha dunia nzima ikafuata. Gizani mle vidole vya watu vilimchimba mbavu vikiutafuta mpira. Aliung'ang'ania kifuani mpaka mkono wa mwamuzi ukampapasa begani.

"Niachie, kijana. Ni wenu. Nimeona."

Stonebridge hawakuwa tena na nafasi ya kusimamisha saa. Cedar Prong walipiga goti na mpira mkononi mara mbili, wakiacha tu sekunde zijimalize, na mechi ikaisha. Wenzake walimbeba juu juu, na Anders alilia waziwazi, kamasi na yote, wala hakujifuta. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata maishani mwake.

Walipomshusha alimwona hamsini na mbili amekaa peke yake kwenye nyasi, kofia mapajani. Anders alikuwa anaujua mkao ule. Akaenda, akachuchumaa.

"Mwaka wa ngapi wewe?"

"Wa pili."

"Basi una miwili. Watakupa jina, cheka nao. Na mwakani, usigeuke mpaka uone mpira umeruka."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu mwakani mimi sipo," Anders alisema, akampa mkono amwinue.