Kinanda Kimeshuka

Mimi kupiga wimbo kama ulivyoandikwa siwezi. Kwenye kumbi za muziki, mbele ya watu wenye tai shingoni, nilikuwa natulia kama maji ya mtungi. Mama yangu huziita zile nilizosomea "nyimbo za marehemu," maana kila aliyezitunga kafa. Lakini niketishe kanisani, mbele ya kitabu cha nyimbo, vidole vinapata kiherehere. Hapa naongeza, pale nageuza, na kati ya ubeti na ubeti naondoka kabisa nikazurure. Mwalimu wa kwaya husema, "Dada, ukienda matembezi, uwe unatuaga."

Na kinanda chenyewe kinanitia wazimu. Kitufe kimoja cha katikati ukikibonyeza hakirudi, na sauti za juu zimelegea. Nimempigia mwalimu kelele alete fundi mpaka akasalimu amri. Fundi angekuja Jumatatu.

Wiki moja kabla yake, Jumapili, ndipo nilipoharibu. Mama anaimba sauti ya kwanza, na kanisa zima linamwita Kengele. Siku hiyo alikuwa amerudi kwaya baada ya kupasuliwa koo. Kuongea anaongea vizuri tu. Sauti za juu ndizo zilizobaki kwa daktari. Sasa mimi, kichwa maji, tulipofika ubeti wa mwisho nikaupandisha wimbo, sauti zote zikaenda juu. Kanisa likalipuka, makofi, watu wakasimama. Mama akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akaketi peke yake katikati ya watu waliosimama.

Nyumbani alipiga pasi joho lake la kwaya bila kuniangalia. "Jumapili naimba mara ya mwisho, halafu namrudishia mwalimu joho lake."

"Mama, tumwambie ashushe nyimbo kidogo."

"Nishushiwe wimbo kama mtoto anavyoshushiwa kikombe mezani? Watu wote wajue? Thubutu!"

Wiki nzima sikukaa chini. Nilipiga vidole juu ya meza, juu ya sinki, juu ya magoti yangu. Kupandisha wimbo ni rahisi, kila mtu anafurahi. Kushusha kuna kazi: ukishuka ghafla, hata asiyejua muziki anahisi sakafu imekwenda. Nilitaka mama asijue, na kama asipoimba safari hii, basi Kengele ndiyo imenyamaza, na aliyeinyamazisha ni mimi.

Jumapili ikafika. Beti mbili za mwanzo mama alichezesha midomo tu. Namjua, hakuwa anatoa hata pumzi. Ubeti wa pili ulipoisha, nikaondoka.

Nilizurura kama sijawahi kuzurura. Niliuvunja wimbo vipande, nikapita kwenye huzuni, nikatokea kwa marehemu wangu wote, nikawaaga, nikaendelea. Mikono ya mwalimu ilibaki hewani. Mchungaji akakohoa, akaangalia saa. Jasho likaniingia machoni, na kile kitufe kibovu kikakwama, nami nikakikwepa. Lengo langu lilikuwa moja: watu wasahau tulikotoka. Nilipohisi wamesahau, nikaushika tena wimbo, chini zaidi, nikawapa mwanzo.

Kwaya ikaingia bila kushtuka. Mama kimya. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwenye wa tatu kuna ile sauti ya juu, ndiyo iliyompa jina. Nilitamani kuacha kinanda nikimbie nje.

Kengele ikalia. Haikuwa ile ya zamani, ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilifika na ikakaa. Nilifurahi mpaka nikakosea nota mbili, na wala sikujali.

Baada ya ibada mwalimu alinijia akifuta jasho. "Leo umetutembeza, dada! Nilidhani hatutarudi. Bahati kesho fundi anakuja."

Mama akafika nyuma yake, joho mkononi.

"Wimbo leo ulikuwa chini," akasema.

Nikadakia: "Kinanda kibovu, mama. Sauti yake imeshuka."

Alinitazama. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa jikoni, mimi nafanya mazoezi sebuleni, akinipigia kelele, "Hiyo siyo!" na kweli haikuwa. Nikainamisha macho kwenye vitufe.

Mwalimu akanyoosha mkono apokee joho. Mama hakumpa. Alilikung'uta, akaenda kulitundika kabatini pamoja na mengine, akarudi.

"Huyo fundi mwambie asije," akamwambia.

"Asije? Binti yako kanisumbua miezi!"

"Asije," mama akasema, akanishika bega. "Kinanda kimezeeka pamoja na mimi. Mkikitengeneza kitaniacha."