Jina Kwenye Boti ya Kitangiri

Kama kuna fundi aliyechekwa Ziwa Kitangiri lote, ni Chediel. Boti yake ya kwanza ilizama ikiwa imefungwa kwenye kigingi. Ya pili ilikwenda vizuri sana, ila kinyumenyume. Naye alikuwa wa kwanza kucheka, halafu anarudi nyumbani na somo lake kimya kimya. Masomo yalipokuwa mengi, kamati ya kijiji ikamwita atengeneze boti ya kuvusha wajawazito wanaokwenda hospitali Kiomboi, pamoja na magunia ya alizeti. Yeye akamwita Antipasi, rafiki yake tangu enzi za boti ya kinyumenyume.

Chediel alichora boti pacha: mashua mbili ndefu, nyembamba, zilizoungwa kwa sakafu moja juu. Hakuanza na umbo, alianza na mwendo. Ikijaa watu na magunia, alisema, itakwenda kilometa kumi na mbili kwa saa, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka. Kwa mwendo huo tumbo liwe la mviringo na mkia ujipinde juu, ili maji yaliyopasuliwa mbele yajifunge nyuma bila kelele. Mkia mpana uliokatwa bapa ni wa boti nyepesi inayokimbia mpaka ikapanda juu ya maji. Ukiipakia ikashindwa kupanda, unaburuta ziwa zima. Akakata kalibu saba za plaiwudi za kufuatishia mbao, kila moja na umbo la tumbo la mashua mahali pake, akamwachia Antipasi. Yeye akaenda Singida mjini kumuuguza mama yake.

Wiki tano alikaa huko. Kila Jumapili Antipasi alipiga simu kusema kazi inakwenda kama ilivyochorwa, na mama apewe pole.

Aliporudi aliikuta boti ufukweni, imepakwa rangi ya bluu. Kwa mbele alikaribia kutabasamu. Akazunguka nyuma. Mikia ilikuwa imekatwa bapa, mipana kama meza za wauza nyama, na injini aliyoipanga ya nguvu za farasi kumi na tano imekuwa ya arobaini. Mama Editha, mwenyekiti wa kamati, akamsimulia jinsi Antipasi alivyomzungusha kwa mbio, boti ikiwa tupu, mpaka kilemba chake kikabaki ziwani. Kijiji kizima kilipiga makofi.

Na kwenye ubao wa pua palichongwa: FUNDI CHEDIEL.

Pale Kitangiri, mwenye jina kwenye boti ndiye anayevuka nayo safari ya kwanza ya mzigo, tena na mtu wa nyumbani kwake. Dorika, mke wa Chediel, alikuwa ameshaketi juu ya magunia na kitenge kipya.

"Mbona jina langu?" Chediel akauliza.

"Si kazi yako, kaka? Nimekuheshimu," Antipasi akajibu, akiangalia injini.

   Chediel akamshika Dorika mkono, akamshusha.

"Panda wewe," akamwambia Antipasi. "Umekula ugali wangu miaka kumi na moja. Kama siyo wewe mtu wa nyumbani kwangu, ni nani?"

Watu wakacheka. Antipasi akapanda kama anayepelekwa kuchomwa sindano.

Boti ikanguruma. Pua ikainuka, mikia ikakaa chini, na nyuma yao ukasimama mlima wa maji ambao boti yenyewe iliuchimba na kushindwa kuupanda. Mwendo wa baiskeli, kiu ya lori. Mafuta yaliyopimwa ya kwenda na kurudi yakaisha katikati ya ziwa. Wakachukua makasia.

Walipiga makasia muda mrefu.

"Nilijua itagoma na mzigo," Antipasi akasema mwishowe. "Walitaka mbio, na mimi nikapenda yale makofi. Nikasema moyoni, jina liwe lako; ikigoma, wewe umeshazoea kuchekwa."

Kasia la Chediel lilisimama kidogo, kisha likaendelea.

Waliporudi ufukweni, Mama Editha hakucheka. Aliuliza ingekuwaje kama pale katikati angekuwepo mama mwenye uchungu, na ni nani atakayeitengeneza. Chediel akasema ataifanya yeye, wajawazito hawana kosa. Akaomba kalibu zake.

Antipasi akainama. Ilibidi waende mpaka kwake. Vipande viwili vilikuwa vimefunika pipa la maji. Vitano vilikuwa vimepigwa misumari pamoja, vikawa mlango wa banda la kuku.

Chediel akaung'oa mlango, akajitwika. Kuku wakatoka mmoja mmoja. Antipasi akamfuata mpaka njiani na vile viwili mkononi, akiuliza kesho aje na vifaa saa ngapi.

Chediel alivipokea, akaenda zake peke yake.