Ng'ombe wa Chuo Kipya

Jina lake la shuleni lilikuwa zuri, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Bibi yake alimwita Nusanusa tangu akiwa na miaka mitatu, kwa sababu hakunywa maziwa wala maji bila kuyanusa kwanza, na hata mgeni akimpa peremende ilipita puani kabla ya kufika mdomoni. Alikua na tabia hiyo hiyo. Fundi akimwambia "njoo kesho," yeye aliuliza ni kesho ya tarehe ngapi.

Akiwa binti wa miaka ishirini alikuwa amefanya kazi miaka miwili katika kliniki ya wanyama iliyokuwa nyuma ya soko. Kazi aliyoandikiwa ilikuwa kufagia, kuchemsha vyombo na kujaza kadi za chanjo. Kazi aliyofundishwa ilikuwa nyingine kabisa. Daktari mwenye kliniki, mzee wa maneno machache aliyekaribia miaka sitini, alimwonyesha jinsi ya kumshika paka asiyetaka kushikwa, jinsi ya kusikiliza tumbo la ng'ombe, na siku moja alimkabidhi sindano na uzi akamwambia ashone. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa Mama Maziwa, mwanamke mfugaji wa kando ya mji. Waya wa uzio ulikuwa umemchana begani. Nusanusa alishona nyuzi saba. Uzi wa tano ulikwenda upande.

"Huo wa tano umelewa," Daktari alisema. "Lakini utashika."

Matokeo ya mtihani wake wa kuingia chuoni yalipotoka na kuwa mazuri, hakuna aliyeuliza atasomea nini. Swali lilikuwa atasomea wapi. Vyuo vya udaktari wa wanyama vilikuwa vinne, na kanuni ilisema mwombaji asizidishe vitatu. Kulikuwa na chuo kikongwe, chenye majengo ya mawe na sifa ya kukataa watu. Kulikuwa na chuo cha mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, kilichosifika kwa kuwapeleka wanafunzi mazizini tangu mwaka wa kwanza. Kulikuwa na chuo cha jirani, kidogo, ambacho mama yake alikipenda kwa sababu angeweza kurudi nyumbani kila Ijumaa. Na kulikuwa na chuo kipya.

"Kipya kiwe cha kwanza," Daktari alimwambia asubuhi moja, akikausha mikono. "Hivyo vingine jaza upendavyo."

"Kwa nini cha kwanza, Daktari?"

"Kina vifaa vya kisasa. Kina mifugo yake."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema."

Hapo machale yakamcheza. Daktari hakuwa mtu wa kusifu. Dawa mpya ikija, aliiweka rafuni nusu mwaka akingoja wenzake waijaribu kwanza. Leo amesifia chuo ambacho hakijatoa hata mhitimu mmoja! Tena alisema bila kumtazama. Siku tatu baadaye Nusanusa aliikuta brosha ya chuo hicho juu ya meza ya kadi za chanjo, imewekwa kana kwamba imeanguka yenyewe. Karatasi yake ilikuwa nzito na ya kung'aa. Aliinusa. Ilinukia wino tu, lakini picha zake zilimkera: katika picha ya maabara wanafunzi walikuwa wanatabasamu, na hakuna hata mmoja aliyevaa glavu.

Jioni alimweleza mama yake, aliyekuwa barazani na cherehani yake, akipinda mapindo ya suruali.

"Mchagua nazi hupata koroma," mama alisema bila kuinua macho. "Mtu amekufundisha kazi miaka miwili, sasa unamtilia shaka kwa sababu amekushauri?"

"Simtilii shaka, mama. Nauliza tu."

"Wewe ukiuliza tu, watu huanza kujificha."

Brosha ilitaja siku ya wazi, Jumamosi, ambapo waombaji wangetembezwa chuoni. Nusanusa hakumwambia Daktari. Alimwambia ana shughuli za nyumbani, naye Daktari akajibu haraka mno kwamba hata yeye siku hiyo hatakuwepo, kliniki itafungwa. Nayo hiyo Nusanusa akaiweka akilini.

Chuo kilikuwa na lango kubwa na rangi mbichi. Waombaji wapatao thelathini, pamoja na wazazi wao, walipokewa na mkuu wa udahili, kijana mwenye suti na sauti ya mshereheshaji wa harusi. Walionyeshwa ukumbi na maktaba. Katika maktaba vitabu vilijaa rafu mbili za chini, na rafu za juu zilikuwa na masanduku. Mlango wa maabara ya upasuaji ulikuwa umefungwa, ufunguo eti uko kwa mtu aliyetoka kidogo. Ukutani palibandikwa orodha ya wahadhiri. Nusanusa aliisoma kutoka juu, na katika mstari wa tatu akakuta jina la Daktari, na mbele yake: Mkuu wa Idara ya Upasuaji.

Akalisoma tena. Mtu amekuwa mkuu wa idara, na msaidizi wake anayemchemshia mikasi kila siku hana habari?

Kisha wakapelekwa zizini. Zizi lilikuwa safi kupita kiasi, sakafu haina doa, na ndani yake walisimama ng'ombe wanane wakitazama huku na huko kama wageni waliofika msibani na kukuta hawamjui marehemu.

"Hawa ni sehemu tu ya mifugo yetu," mkuu wa udahili alisema. "Wamezaliwa hapa hapa, chini ya uangalizi wa wahadhiri wetu."

Ng'ombe wa mwisho alikuwa wa kahawia mwenye baka jeupe usoni. Nusanusa alisogea. Sikio la kushoto lilikuwa na tundu la hereni ya namba, lakini hereni yenyewe haikuwepo, na ukingo wa tundu ulikuwa bado mwekundu. Alishusha macho begani. Kovu lilikuwa pale, limefunikwa nusu na manyoya. Alihesabu alama za nyuzi kwa kidole. Saba. Ya tano ilikwenda upande.

Mtu anaweza kusahau uso aliouona sokoni, lakini mshono wake wa kwanza hausahau. Hata hivyo Nusanusa alikuwa Nusanusa. Akauliza kwa adabu: "Samahani, huyu anakamuliwa chuchu zote nne?"

"Zote nne, dada. Mmoja wa bora kabisa."

"Naomba kujaribu."

Kabla hajakatazwa alikuwa amechuchumaa. Chuchu tatu zilitoa maziwa. Ya nne, ya nyuma kulia, ilikuwa kavu na ngumu kama kifundo cha kamba, kama ilivyokuwa tangu mwaka juzi, ng'ombe huyo alipougua kiwele, na Nusanusa mwenyewe akamshika mkia wakati Daktari akimtibu.

"Amechoka leo," mkuu wa udahili alisema, na sauti ya mshereheshaji ikawa imemwishia. "Wageni wengi. Tuendelee, tafadhali."

Nusanusa hakuendelea. Alitoka langoni akaenda moja kwa moja kwa Mama Maziwa, ambaye alimkuta akiosha ndoo.

"Kahawia wako yuko wapi, mama?"

"Ameazimwa, mwanangu. Daktari wenu alikuja juzi na lori. Aliniambia kuna wakaguzi wa serikali wanakuja kuangalia chuo wiki hii, wanahitaji ng'ombe wa kuonyesha siku chache tu. Ningemkataliaje? Yeye amemponya huyo ng'ombe wangu mara ngapi?" Akaiweka ndoo chini, akamtazama. "Kwani kuna ubaya?"

"Sijui bado," Nusanusa alisema, ingawa alijua.

Jumatatu alifika kliniki mapema. Daktari alikuwa kwenye sinki, akisugua mikasi ambayo kwa kawaida husuguliwa na yeye Nusanusa. Alijua tayari; kijana wa suti alikuwa amempigia simu.

"Umemkamua," alisema.

"Nimemkamua."

"Mbele ya watu."

"Daktari, wale wanafunzi watajifunzia nini? Ng'ombe wakirudishwa kwao, watamshona nani?"

Alimwona akikaa juu ya kiti cha wateja, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Mzee alieleza bila kujitetea sana. Mara tatu aliomba kufundisha katika chuo kikongwe, na mara tatu walimjibu kwamba yeye ni daktari wa mtaani. Hawa wapya walimjia wenyewe, wakamwita profesa, wakamwonyesha ramani ya chumba cha upasuaji chenye jina lake mlangoni. Halafu wakasema kimebaki kitu kidogo tu, wakaguzi wakute mifugo. Mifugo ya kweli ingekuja baadaye. Jumamosi ile yenyewe alikuwa vijijini akiazima ng'ombe wengine.

"Nilijua jambo lenyewe linanuka," alisema. "Nikaziba pua."

"Na mimi? Kwa nini mimi nikiweke cha kwanza?"

Daktari alijifuta mikono kwenye koti. "Nilitaka angalau mwanafunzi mmoja ambaye nimeshamfundisha," alisema. "Ili nikisimama mbele yao nisiaibike."

Nusanusa hakujua amwonee huruma au amkasirikie, akafanya vyote viwili. Siku hiyo walifanya kazi kama watu waliopanga chumba kimoja bila kujuana. Alimpa mikasi, akapokea mikasi.

Shida ilikuwa barua. Kila chuo kilidai barua ya mapendekezo kutoka kwa daktari aliyesajiliwa, ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri juu ya gundi. Bahasha ikifunguliwa, haina thamani tena. Daktari aliyesajiliwa anayemfahamu alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye ambaye Nusanusa alikuwa amemuumbua. Muda wa maombi ulikuwa unaisha Ijumaa.

Alimwomba Jumanne. Jumatano Daktari alimkabidhi bahasha tatu: chuo kikongwe, chuo cha mbali, chuo cha jirani. Zilikuwa na unene sawa. Mihuri ilikuwa imenyooka. Kisha akarudi kwenye sinki.

Nusanusa alizipanga juu ya meza ya kukatia vitambaa, mbele ya mama yake, akazitazama kama mtu anayetazama nyoka watatu asijue yupi ana sumu.

"Anaweza kuwa ameandika chochote," alisema. "Kwamba sina nidhamu. Kwamba ninadanganya kazini."

"Au kwamba unafaa."

"Au kwamba ninafaa. Nitajuaje?"

"Ukifungua, umeharibu. Usipofungua, hutalala, na mimi sitalala kwa kukusikia unavyogeuka kitandani."

Nusanusa alichukua bahasha ya chuo cha jirani, akachukua na mkasi wa mama yake.

"Hicho ndicho chuo changu!" mama alipiga kelele. "Ndicho cha kurudi Ijumaa!"

"Ndiyo maana, mama. Nikiwa karibu, kila Ijumaa nitakuwa kliniki badala ya kuwa nyumbani. Mimi najijua." Akakata.

Barua ilikuwa fupi, kwa mwandiko wa Daktari, ule ule wa kwenye kadi za dawa. Alimsomea mama kwa sauti: "Nimefanya kazi na binti huyu miaka miwili. Mikono yake imetulia kuliko yangu. Hamwamini mtu upesi, na hivi karibuni nimempa sababu nzuri ya kutoniamini mimi. Kosa lilikuwa langu, naye aliligundua kwa kumkagua ng'ombe badala ya kunikagua mimi. Mchukueni."

Cherehani ilikuwa imesimama. Mama alifuta jicho kwa kipande cha bitana. Kisha akakunja uso.

"Lakini hii ni moja," alisema. "Utajuaje kwamba zile mbili zimesema hivyo hivyo?"

Nusanusa alizitazama zile bahasha mbili. Akaziinua kwenye mwanga, akazinusa. Mkono wake ulifika kwenye mkasi, ukakaa hapo kwa muda. Kisha akaurudisha mkasi kwenye sanduku la mama yake, na asubuhi yake akazipeleka posta kabla hajabadili mawazo.

Wakaguzi, ilisikika, walipata barua nyingine yenye mwandiko huo huo. Chuo kipya hakikusajiliwa mwaka ule. Jina la Daktari lilitolewa ukutani, au pengine alilitoa mwenyewe, hakuna aliyemuuliza. Kahawia alirudi kwa Mama Maziwa na hereni mpya sikioni.

Majibu yalikuja baada ya wiki saba. Chuo cha mbali kilimkubali. Chuo kikongwe kilimkataa kwa mistari miwili, bila kutaja sababu.

Alimkuta Daktari akimshikilia mbuzi mwenye kwato zilizooza, akampa habari zote mbili. Mzee aliifurahia ile ya kwanza hadi mbuzi akataka kumponyoka. Ya pili aliisikiliza akiwa ameinamia kwato.

"Niliandika barua moja," alisema, "nikainakili mara mbili. Neno kwa neno."

"Sijauliza, Daktari."

"Ndiyo. Lakini nimekuona unavyonitazama."

Nusanusa alimtazama tena. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, anayesema kweli, au anayetamani sana aaminiwe. Na hivyo viwili, alishajifunza, havitofautiani kwa macho. Huyu si ng'ombe. Hakuna mahali pa kumkamua ukajua.

"Chuo kikongwe kiliwahi kukukataa na wewe," alisema.

"Mara tatu."

"Basi hawajui kuchagua."

Alivaa glavu, akapiga magoti, akakamata mguu wa nyuma wa mbuzi. Wiki tatu baadaye alipanda basi la kwenda mbali. Barua ya chuo cha jirani aliibeba ndani ya begi, na njiani aliisoma mara nne, akitafuta neno ambalo huenda hakuliona.