Makalio ya Zambarau

Juni ya mwaka 1993 Salu alifika Bariadi kutoka Malampaka kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake, na hata maji ya kunywa hakuyagusa kabla ya kufungua furushi lake. Alitoa chupi sita za plastiki, nyeupe, zenye mpira kiunoni na mapajani, akazipanga kitandani mbele ya mkwewe Jenifer.

"Nilizifuata Mwanza kwa treni," alisema. "Unamvalisha juu ya nepi. Akikojoa, hata tone halitoki. Mume wako nilimlea kwa vipande vya kanga kuukuu, mayu, mama yangu. Siku zile hata sabuni tulikuwa tunaipangia foleni, na ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Sasa maduka yamejaa. Mjukuu wangu na avae!"

Jenifer alicheka, akamkumbatia. Felisita, binti wa miezi saba, alivishwa palepale, akakaa mapajani kwa bibi yake saa nzima bila kumlowesha. Tangu siku hiyo plastiki haikumtoka mwilini, mchana na usiku.

Wiki ileile alishikwa na kikohozi. Zahanati walimpa dawa ya maji ya kuua vijidudu, ya siku saba, na kifua kikapona vizuri. Lakini siku ya mwisho ya dawa, Jenifer alipofungua nepi, aliona wekundu. Hakushtuka. Watoto huungua na mkojo, yanapita. Akampaka mafuta ya mgando. Siku tatu baadaye wekundu ulikuwa umezidi, na Felisita akawa analia kila akikojoa, miguu ameikunja tumboni.

Mumewe Josia, fundi cherehani pale sokoni, alirudi jioni na tyubu ya krimu kutoka dukani kwa Bimdogo. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua nyumbani. Bimdogo naye hakuijua, ila alisema wateja wanaisifia. Kwa siku mbili ngozi ilitulia, wakashukuru Mungu. Siku ya tatu wekundu ukalipuka upya, ukaenea zaidi ya mwanzo.

Ilikuwa Jumatatu, na ubatizo ulikuwa Jumapili. Wakiwa wanakula, Salu aliweka tonge lake chini.

"Josia, nataka kuuliza, na usinikasirikie. Hamkumbemenda mtoto huyu?"

Wazee waliamini kwamba baba au mama akitoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, mtoto hubemendwa, akadhoofika na kutoka vidonda. Kuulizwa hivyo ni kuulizwa jambo zito.

Josia alisimama na mikono yenye ugali. "Mama, mimi natoka hapa naenda kwenye cherehani, natoka kwenye cherehani narudi hapa. Huyo mwanamke mwingine ningempata saa ngapi?"

Machozi yalimdondoka Jenifer kwenye bakuli la mboga. Kwa siku mbili chuchu zake zilikuwa zinamwaka moto kila mtoto akinyonya, na hakuwa amemwambia mtu. Alijifuta uso kwa kiganja, akasema, "Kesho nampeleka kliniki. Na wewe mama twende wote, ukasikie mwenyewe."

Asubuhi walikuta foleni fupi. Nesi aliitwa Zamda, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, mzaliwa wa palepale mjini.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia Salu kwa Kisukuma, na Salu akaitikia kwa moyo mzito kidogo.

Zamda alimlaza Felisita kwenye meza ya dirishani, akafungua nepi, akatanua mikunjo ya mapaja kwa vidole viwili.

"Sogeeni muone. Mtoto akiungua na mkojo, panapopata shida ni pale panapogusana na nepi. Ndani ya mikunjo huwa panasalimika. Huyu, mikunjo ndiyo imeungua kuliko kote. Wekundu umekolea, unang'aa, na mwisho wake unaonekana kama umechorwa. Halafu angalieni hivi vipele vilivyotawanyika pembeni."

Salu aliinama. "Kama vifaranga waliomwacha mama yao."

"Sawasawa, bibi! Vifaranga." Zamda alimfungua mtoto mdomo kwa upole. Ndani ya mashavu palikuwa na utando mweupe kama maziwa, na alipoufuta kwa kitambaa haukutoka. Akamgeukia Jenifer. "Na wewe, matiti yanakuuma?"

Jenifer alimtazama kwa mshangao. "Nani amekwambia?"

"Mdomo wa mwanao. Hawa ni fangasi. Kwa kawaida wapo kwenye miili yetu, wachache tu. Kadi yake inaonyesha alipewa dawa ya kifua; ilipoua vijidudu vingine, wao wakapata nafasi ya kuzaana. Na wanapenda sana joto na unyevu. Mnamvalisha nini?"

Jenifer aliangalia sakafu. "Nepi. Na... kitu cha juu. Tulipewa."

"Ni mimi niliyempa," alisema Salu. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Chupi za plastiki. Nilitaka mtoto apendeze, asilowanishe watu."

Zamda aliacha alichokuwa anafanya, akamshika mkono. "Bibi, hata mimi wa kwangu nilimvalisha. Zilipoingia madukani tulizikimbilia wote. Shida ni kwamba plastiki ikizuia mkojo kutoka, na hewa nayo inaizuia kuingia. Mtoto anakuwa kama kiazi kilichofunikwa kwenye sufuria."

Salu akauliza, "Kwa hiyo hawakumbemenda?"

Zamda alicheka mpaka akina mama waliokuwa kwenye mabenchi nje wakageuka. "Hata kidogo! Kwa ugonjwa huu mwanao na mkwe wako hawana kosa lolote."

Salu naye akacheka, huku anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaegemeza kichwa begani kwa Jenifer. "Nisamehe, mwanangu." Jenifer alimshika kiuno.

Siku hizo dawa iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa jivii (GV), ile ya zambarau inayoacha rangi kwenye ngozi. Zamda aliwaonyesha namna ya kuipaka kidogo tu kwa pamba, asubuhi na jioni, akawapa na matone ya mdomoni ambayo Jenifer pia angeyapaka kwenye chuchu. Tyubu ya Bimdogo, ambayo Jenifer alikuwa ameibeba, aliinusa, akasoma jina la dawa pembeni, akatikisa kichwa. "Hii inapoza wekundu, lakini fangasi inawanenepesha. Msimpake tena. Na akipata homa, au usaha, au msipoona nafuu ndani ya wiki moja, mrudi."

Salu hakwenda nyumbani. Alinyoosha moja kwa moja hadi sokoni, akasimama mbele ya cherehani ya mwanawe.

"Baba, simamisha kwanza hiyo mashine. Nilikukosea. Ni fangasi, na aliyewakaribisha ni mimi na chupi zangu."

Josia aliondoa mguu kwenye pedeli, kisha tabasamu likamshinda. "Basi nifanye nini?"

"Kata nepi za pamba tupu. Nyingi. Nesi anataka mtoto abadilishwe kila akilowa."

Jioni Josia alirudi na nepi kumi na mbili, zimepindwa kingo vizuri. Kuanzia hapo Salu alishika usukani. Nepi alizichemsha kwenye sufuria, akazisuuza mpaka povu likaisha, akazianika juani. Mtoto alioshwa kwa maji matupu, akakaushwa kwa kugusagusa badala ya kusuguliwa, na kila asubuhi akalazwa uchi kwenye mkeka. Aliyetaka kumshika baada ya kubadilisha nepi alinawa kwanza kwa sabuni, hata Josia aliyekuwa na haraka ya kazini. Na zile chupi za plastiki? Salu alifunikia ndoo za unga na dagaa. "Hapa ndipo mahali pake," alisema. "Mende hata mmoja hajaingia."

Jumatano Felisita alikojoa bila kulia, na Jenifer akamwita mumewe kutoka uani kuja kushuhudia. Ijumaa vifaranga walikuwa wamefifia. Jumapili, kanisani, mtoto mwenye gauni jeupe alimwagiwa maji kichwani akacheka kwa sauti, na padri akacheka naye.

Nyumbani palijaa watu. Pilau liliiva, redio ya kaseti ikawekwa dirishani. Jua lilipokuwa kali Salu alimvua mjukuu nepi mbele ya wageni wote. "Nesi amesema apate hewa," alitangaza, akamweka kwenye mkeka. Felisita alianza kutambaa kuelekea kwa wanaume, makalio yake ya zambarau yakimeremeta.

Wageni walinyoosha shingo. Kisha Selestini, jirani yao, akauliza, "Huyu amebatizwa juu kwa maji na chini kwa wino?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Salu alimnyanyua mtoto, akambana kifuani, na alipomshusha blauzi yake mpya ilikuwa na madoa mawili ya zambarau. Jenifer alikimbilia maji na sabuni, lakini Salu alimzuia, akaingia kucheza nayo hivyohivyo.

Alipokuwa anapumzika, mama mmoja kijana, Violeth, alimsogelea na mwanawe mgongoni. "Mayu, na wa kwangu ana wekundu. Ni hao fangasi?"

Salu alinawa mikono, akamlaza mtoto mkekani, akatanua mikunjo kwa vidole viwili, taratibu, uso wake ukiwa umetulia kama wa nesi.

"Mikunjo ni misafi. Vifaranga hakuna. Nadhani huyu ni mkojo tu. Mbadilishe mapema, mwache apate hewa. Siku tatu zikipita bila nafuu, mpeleke kwa Zamda, mimi si nesi."

"Wabeja, mayu," alishukuru Violeth.

"Na mdomoni mwake pia uangalie!" Salu alimpigia kelele akiwa tayari ameshainuka, maana kaseti ilikuwa imegeuzwa na Josia alikuwa amenyoosha mkono kumrudisha mama yake uwanjani.