Vidonge Vitupu na Mdomo Unaowaka

Mdomo wangu unawaka miaka mitatu sasa, na ukiniangalia huoni kitu. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe, ila ndani ni moto, kama nimelamba sufuria iliyotoka jikoni. "Mama, ni mawazo tu," mwanangu Fulvio huniambia. "Tangu baba afe huna la kufanya." Kauli hiyo huniuma kuliko mdomo wenyewe.

Ndiyo maana nilikubali yale majaribio ya kliniki ya meno hapa Milano. Walitaka kujua kama homoni ya usingizi, ile ambayo mwili huitengeneza giza likiingia, inaweza kutuliza moto huu. Wengine wangepewa homoni, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, na hata daktari Tagliabue mwenyewe hakujua nani kapata nini. Mimi usingizi naupata vizuri tu. Nilitaka kitu kimoja: dawa ikinisaidia, basi ugonjwa upo, na Fulvio afunge domo lake.

Ikanisaidia, jamani. Kufika Krismasi nilikuwa nakunywa kahawa bila machozi. Nilipompigia Fulvio kumwambia, akasema, "Nisamehe, mama." Akaanza kuja kila Jumapili kuangalia dawa inavyoniendea. Hata siku ya Mtakatifu Biagio, tunapokula kile kipande cha keki ya Krismasi tulichokiweka mpaka kikakauka, ili mtakatifu atulindie koo, alipitia kwangu asubuhi kabla ya kazi. Tulikula tumesimama jikoni.

"Ngumu kama tofali," akasema.

"Tafuna, acha maneno."

Nilikuwa na furaha siku ile, sifichi.

Mwezi wa nne majaribio yakaisha, na haikupita wiki moto ukarudi. Daktari akaniita.

"Mama Ersilia, wewe ulikuwa kwenye vile vitupu."

"Vitupu vipi? Mbona nilipata nafuu?"

"Hutokea. Si kwamba ulikuwa unajisingizia. Maumivu yako ni ya kweli."

"Wewe unajua. Na mwanangu je?"

Akafunga faili langu, maskini. Hakuwa na kidonge cha hilo.

Jioni Fulvio akapiga simu. "Enhe, wamesemaje?"

Nikaona nikisema kweli tumerudi kulekule kwenye mawazo tu, na safari hii atakuwa na ushahidi. Sikuweza. "Nilipewa dawa yenyewe," nikamwambia.

"Kumbe kweli ulikuwa unaumwa, mama."

"Si nilikuambia?"

"Na sasa umepona."

Hapo nikakwama. "Nimepona," nikasema.

"Afadhali. Basi Jumapili tutakwenda ziwani kwa wakwe. Kila wiki wanalalamika tumewatupa, na mimi nawaambia mama mgonjwa. Sasa tutakuwa tunakwenda."

"Nendeni, mwanangu. Watoto wapate hewa."

Nikaweka simu. Nikajaza glasi maji ya baridi bombani, nikapiga funda, nikalishikilia mdomoni mpaka likapata moto.