Batani Niliyoomba Isogezwe

Wewe umewahi kuhamisha kiti, ukageuka kidogo tu, ukakikuta kimerudi pale pale ulipokitoa? Mimi nimeona. Si kiti, lakini ni hayo hayo. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, Buruburu nyumbani kwa binti yangu Kavinya, Jumamosi moja kuanzia chai ya asubuhi mpaka saa nane mchana.

Kompyuta ilikuwa ya kuazima, imewekwa kwenye meza ya kulia chakula. Niliifumia kitambaa cha rangi ya maziwa chenye maua manne, ua moja kila pembe, kwa kuwa vumbi la huku huingia hata ndani ya kopo la sukari. Mjukuu wangu Mutheu, mtoto wa Kavinya, alikuwa karani wa dirishani katika kliniki moja ya hapo karibu. Kazi yake ilikuwa kuita wagonjwa na kupekua kabati akitafuta kadi zao. Daktari mwenye kliniki alimwambia hivi: nitengenezee programu ya kuweka hizo kadi kwenye kompyuta, na ikifanya kazi, utatoka dirishani ukae chumba cha kompyuta. Siku ya kumwonyesha ilikuwa Jumamosi hiyo, saa tisa.

Alikuwa na programu ya kutengenezea programu. Aliponiambia nilicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Unachora kwa ile mausi: hapa sanduku la jina, hapa la umri, hapa batani ya kubonyeza. Ukishachora, yenyewe inaandika maneno ya kompyuta, kurasa kwa kurasa, wala hujagusa. Mutheu aliongeza mistari yake michache, na Jumatano kazi ikawa imekwisha.

Jumatano hiyo ndipo aliponiita. Susu ni nyanya kwa lugha ya kwetu. "Susu, njoo utazame. Unaonaje?"

Nikavaa miwani. Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma nasoma. Chini kabisa palikuwa na batani tatu: Futa, Hifadhi, Toka. Nikatazama, nikatazama tena. Nikasema, "Mbona Futa ndiyo imetangulia? Mgeni huonyeshwa kiti kwanza, haonyeshwi mlango. Ipeleke nyuma ya Hifadhi."

"Sawa, Susu." Akaisogeza papo hapo, akaihifadhi kwenye disketi juu ya ile ya kwanza, ya zamani ikafutika.

Kesho yake alipoijaribu, aliandika jina la mgonjwa, akabonyeza Hifadhi, kadi ikapotea. Akabonyeza Futa, kadi ikahifadhiwa.

Jumamosi asubuhi nilivuta kiti nikakaa kando yake. "Hebu nieleze polepole," nikamwambia.

"Hii programu huzipa batani namba, Susu, kwa jinsi zilivyopangwa. Nilipoisogeza Futa, ikazihesabu upya kwenye picha. Lakini kwenye maneno inayoandika, bado inafuata hesabu ya zamani."

"Si urekebishe hayo maneno?"

"Tazama basi."

Kwenye maneno ya Futa akaifuta namba moja kwa mkono wake, akaandika mbili. Akafunga. Kompyuta ikanguruma kama paka aliyeshiba. Akafungua: moja imerudi, imekaa palepale. Programu ilikuwa imeandika kila kitu upya, na ya kwake ikaitupa. Alirudia mara tisa, nami nikihesabu kwa vidole chini ya meza.

"Na ukiirudisha Futa mahali pake?"

"Niliirudisha juzi. Ikahesabu tena, ikazidi kuchanganyikiwa."

Saa nne akaja Willis, aliyesoma na Mutheu kozi ya kompyuta, kijana mrefu mwembamba.

"Shosho, habari ya asubuhi."

"Nzuri. Willis, na wewe bado hujanenepa?"

"Nitanenepaje, na chapati za hapa mnamaliza kabla sijafika?"

Akacheka, akakaa, na kicheko kikaisha alipoona mambo. Akasema, "Badilisha maandishi tu. Hii ya Futa iandike Hifadhi, na ile uiandike Futa. Nani atajua?" Wakabadilisha. Batani zilipoandikwa upya zikahesabiwa upya, na sasa zote mbili zikawa zinafuta. Wakazitoa kabisa wakachora nyingine. Zikaja na tabia ile ile.

Saa saba Willis akaiachilia mausi. "Mutheu, huu ugonjwa si wako. Ni wa programu yenyewe. Walioitengeneza ndio wa kuitibu, na wako ng'ambo."

"Nifanye nini, niwaandikie barua?"

Mimi nilipika chai mara tatu, na mara tatu ikapoa. Nilipangusa kioo cha kompyuta kwa pindo la kanga, kana kwamba kosa lilikuwa uchafu. Nilikuwa kama mtu aliyeshika taa mchana: yupo, na hana faida.

Saa nane Mutheu akafunga disketi ndani ya hanchifu. "Nitaonyesha masanduku na rangi," akasema. "Halafu nitabonyeza Toka."

Alirudi saa kumi na moja. Alivua viatu akavipanga vizuri ukutani, jambo asilolifanya kamwe.

"Daktari alitaka kushika mausi mwenyewe," akasema. "Akaandika jina la mama yake. Akabonyeza Hifadhi."

"Likapotea?"

"Likapotea. Akasema Jumatatu niwahi dirishani, foleni itakuwa ndefu."

Akaifunika kompyuta kwa kitambaa changu, akanyoosha ua moja lililojikunja. Hakunilaumu, wala hakunitazama vibaya. Laiti angenilaumu.

"Mutheu," nikasema, "ile Futa haikuwa na ubaya pale mwanzo."

"Si ulisema mgeni haonyeshwi mlango?"

"Nilisema. Lakini sikuona kosa lolote. Uliniuliza naonaje, na mimi mambo ya kompyuta sina la kusema." Nikashika pindo la kitambaa. "Nilitaka tu ndani yake pawe na kitu kimoja ambacho ungesema, hiki ni cha Susu."