Wanaobaki Kitengela Krismasi

Watu wote wa magharibi mwa Kenya waliokuwa Kitengela walijua habari za Dolphine: kwamba mumewe, Ouko, alihamia mtaa wa Laiser Hill kwa mwanamke mwenye saluni, na kwamba siku ya kuhama alibeba hata mapazia. Hilo lilizungumzwa mpaka likachosha. Kile hawakukijua ni vile Krismasi iliyofuata ilimkuta. Nyumbani kwa kwenda ilikuwa kwa kina Ouko. Kwa wazazi wake mwenyewe alikuwa amebaki mke wa kaka yake tu, na huyo hawaongei. Basi wapangaji wote wa ploti wakasafiri, Dolphine akabaki, akafungulia redio ya jikoni na ya sebuleni pamoja, stesheni mbili tofauti, ili nyumba isikike ina watu.

Sasa ilikuwa Desemba 2005, na siku kama ile hakuitaka tena.

Njia ilikuwepo. Chama chao cha watu wa magharibi kilikuwa na desturi: anayebaki mjini Krismasi hutembelewa. Mama Elsie, mwenyekiti, na wenzake waliojenga hapahapa, huja na kuku na sufuria zao, viatu vikakosa nafasi mlangoni. Ilibidi tu jina lako litoke kwenye rejista, na mwenye rejista alikuwa Dolphine mwenyewe. Aliiweka kwenye kompyuta ya ofisi ya mifugo Kajiado, alikokuwa karani, na saa ya lunch, wenzake wakienda kula nyama, yeye hubaki nayo.

Alikuwa amejifunza kidogo JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kutoka kwa vitabu vya kuazima, akaandika ka-function. Kazi yake ni kupitia rekodi za wanachama moja baada ya nyingine na kuiuliza kila moja swali lilelile. Inayojibu sawa inawekwa kando, isiyojibu inaachwa. Siku hiyo aliiambia: niletee wapangaji walioandika hawatasafiri.

Haikuleta mtu.

Akadhani ameharibu. Akakagua mstari kwa mstari, mabano kwa mabano, hakuona kosa. Akafungua rekodi zenyewe za wapangaji. Utasafiri? Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Hata yake, ndiyo. Na angeandika nini? Zile fomu hujazwa mkutanoni, karatasi inapita mkono kwa mkono na jirani anachungulia. Nani ataandika mbele ya watu kwamba hana kwa kwenda?

Alipompigia Mama Elsie, yule mama alifurahi. Alisema magoti yanamsumbua hata hivyo. "Kama hakuna mtu, hakuna mtu. Mwaka huu tupumzike, dada."

Dolphine akarudi kwenye rekodi. Halafu akakumbuka mkutano wa mwaka uliopita, Jumapili tarehe ishirini na sita, siku moja tu baada ya Krismasi. Yeye alihudhuria, akasema amerudi mapema sababu ya kazi. Wasike, mwalimu wa hesabu aliyefiwa na mke, alisema basi lilijaa. Kila mtu alikuwa na hadithi yake, na kila mmoja aliikubali ya mwenzake haraka haraka.

Rekodi zilikuwa na tarehe za mahudhurio. Akabadilisha swali: niletee aliyesema atasafiri, anayepanga nyumba, na aliyekuwa mkutanoni siku ile.

Yakatoka majina sita. Wasike alikuwa wa pili. Yeye mwenyewe wa tano.

Akiyapeleka majina hayo kwa Mama Elsie kuku watakuja, hiyo haikuwa na shaka, lakini Mama Elsie hajawahi kulala na habari. Kufikia jioni wale watano wangekuwa wametangazwa, na hakuna hata mmoja angefungua mlango. Akafungua rekodi yake, akafuta ndiyo, akaandika hapana. Halafu akampigia Wasike.

"Mwalimu, Krismasi mimi sisafiri," alisema. "Sina kwa kwenda. Nitapika kwangu."

Wasike akasema yeye ameshakata tiketi ya tarehe ishirini na nne.

"Sawa, mwalimu. Safari njema."

"Asante, dada." Hakukata simu. "Na hiyo ya kupika... ni saa ngapi?"

"Saa saba."

Aliwapigia wanne waliobaki maneno yaleyale. Wawili walisema wako njiani tayari. Mmoja hakushika simu. Mwingine, Dinah, alisema ataona.

Siku ya Krismasi alipika ugali wa watu sita. Saa saba ikapita. Saa nane kasoro akasikia geti. Alikuwa Wasike, suti imepigwa pasi, na begi kubwa la safari mkononi, ili majirani wake wamwone akitoka.

"Basi limeniacha," alisema.

"Mabasi ya siku hizi," Dolphine alisema, akampokea begi. Lilikuwa jepesi, halina kitu ndani. Akaliweka chumbani taratibu, kama kitu kizito, akarudi kumnawisha mikono.